Bawa la Nyuma na Kasi ya Gari

Gari linapokwenda kasi, hewa hulifanyia mambo mawili kwa wakati mmoja: hulipinga lisisonge mbele, na hulinyanyua. Upinzani kila dereva anaujua. Anausikia ukivuma kwenye vioo, na anaulipia kwenye kituo cha mafuta. Kunyanyuliwa hakusikiki hivyo, na ndiyo maana hata wahandisi walichelewa kukushughulikia. Gari la kawaida likitazamwa ubavuni lina tumbo bapa na mgongo uliopinda. Hewa inayopanda boneti na kuvuka paa huongeza mwendo, na hewa inayoongeza mwendo hupungua shinikizo. Basi shinikizo la juu ya gari huwa dogo kuliko la chini yake, na gari zima huwa jepesi juu ya tairi zake. Likiwa kwenye kilomita 60 kwa saa hakuna anayetambua. Likifika 200, wepesi huo ni wa makumi ya kilo, na mara nyingi huangukia ekseli ya nyuma, mahali ambapo dereva hapaswi kabisa kupoteza mshiko.

Swali la iwapo bawa la nyuma na vipande vingine vinavyofungwa kwenye magari ya kasi vina faida linaanzia hapo. Tairi ndiyo inayoshika barabara, na uwezo wake wa kushika hutegemea mpira wake, hali ya barabara, na nguvu inayoikandamiza chini. Nguvu hiyo ikiongezwa kwa kupakia mizigo, mshiko huongezeka, lakini gari nalo huwa zito kukata kona, zito kusimamisha na zito kuondoa, kwa hiyo faida yote huliwa na mzigo wenyewe. Hewa inaweza kuikandamiza tairi bila kulipa gari kazi ya kubeba uzito huo kwenye kona. Hiyo ndiyo faida kuu ya bawa, na ni faida kubwa kweli kweli pale inapopatikana.

Bawa la gari ni bawa la ndege lililogeuzwa juu chini. Watu wa pwani wanaliona jambo hili kila siku kwenye tanga la jahazi. Nahodha anayepiga bisha hasukumwi na upepo kutoka nyuma. Tanga lililotuna hufanya hewa ya upande mmoja ipite haraka kuliko ya upande wa pili, na tofauti hiyo ya shinikizo ndiyo inayolivuta jahazi. Tanga hilo likilazwa, tumbo lake likaelekezwa chini, kisha likasimamishwa juu ya buti la gari, mvuto wake utaelekea kwenye lami. Ili bawa lifanye kazi hiyo ni lazima hewa ipite juu yake na chini yake, tena hewa iliyotulia.

Spoila hufanya kazi kwa njia nyingine. Yenyewe imeshikana na buti, paa au bampa, na hewa haipiti chini yake. Kazi yake ni kuivuruga njia ya hewa mahali palipochaguliwa. Spoila ya kwenye buti huizuia hewa isiteremke kwa kufuata mgongo wa gari, ikaongeza shinikizo juu ya buti na kupunguza kule kunyanyuliwa. Spoila ya mbele, inayoshuka chini ya bampa, hupunguza hewa inayoingia uvunguni. Kwa kawaida spoila haizalishi mgandamizo mkubwa kama bawa. Inaondoa sehemu ya madhara ya umbo la gari lenyewe. Lakini gharama yake ni ndogo, na ikichongwa vizuri huweza hata kupunguza upinzani wa hewa.

Jambo linaloamua kila kitu katika mada hii ni kwamba nguvu ya hewa haipandi sawasawa na mwendo. Mwendo ukiongezeka mara 2, nguvu ya hewa huongezeka mara 4. Ukiongezeka mara 3, huongezeka mara 9. Likichukuliwa bawa la wastani lenye eneo la robo ya mita ya mraba, lililoinamishwa kiasi cha kutosha na kuwekwa penye hewa safi, hesabu ya fizikia inatoa picha hii kwa mwinuko wa usawa wa bahari: kwenye kilomita 50 kwa saa, mgandamizo ni kama kilo 3. Kwenye 100 ni kama kilo 12. Kwenye 200 unakaribia kilo 47, na kwenye 250 unapita kilo 70. Bawa ni lile lile, boliti ni zile zile. Mtu anayeuliza kama bawa lina faida bila kutaja mwendo hajamaliza kuuliza.

Upande wa gharama nao una hesabu yake, tena ni kali zaidi. Nguvu ya injini inayohitajika kushinda upinzani wa hewa hupanda kwa mchemraba wa mwendo. Gari dogo la kasi linalohitaji takriban nguvu farasi 12 kuikata hewa kwenye kilomita 100 kwa saa litahitaji karibu 100 kwenye kilomita 200, na zaidi ya 320 kwenye kilomita 300. Kila bawa linaloinamishwa zaidi huongeza mzigo huo. Kwa hiyo hakuna bawa la bure: linachukua kasi ya njia iliyonyooka na kurudisha kasi ya kona, na kazi ya mhandisi ni kuhakikisha kinachorudishwa kinazidi kilichochukuliwa.

Wanamichezo wa magari waliligundua hili kwa vipande vipande. Mwaka 1928 Fritz von Opel aliendesha gari la roketi, Opel RAK 2, kwenye barabara ya Avus mjini Berlin hadi kilomita 238 kwa saa, na gari hilo lilikuwa na mabawa mawili ya ubavuni ya kulizuia lisiruke. Mwaka 1956 mhandisi kijana wa Uswisi, Michael May, alifika Nürburgring na Porsche 550 aliyoifungia bawa kubwa juu ya kiti cha dereva. Wasimamizi wakamtaka alivue, na wazo likalala miaka kumi. Aliyeliamsha ni Jim Hall wa Texas, mwaka 1966, kwa gari lake la Chaparral 2E. Bawa lake lilisimama juu ya nguzo ndefu ambazo hazikushika bodi ya gari. Zilishuka moja kwa moja hadi kwenye vishikizo vya magurudumu ya nyuma, ili mgandamizo ufike kwenye tairi bila kuzibana springi. Tena dereva alikuwa na pedali ya kulilaza bawa hilo kwenye njia iliyonyooka na kuliachia liiname kwenye kona. Karibu kila kitu kinachosifiwa leo katika magari ya kasi yenye mabawa yanayojiendesha kilikuwemo katika gari hilo moja.

Mwaka 1968 mabawa yaliingia Formula 1, na mwaka uliofuata yakaonyesha ukubwa wa nguvu yake kwa njia ya kutisha. Katika mashindano ya Uhispania kwenye mzunguko wa Montjuïc, Barcelona, mwaka 1969, mabawa marefu ya Lotus za Graham Hill na Jochen Rindt yalivunjika, moja baada ya jingine, na magari yote mawili yakaenda kujigonga kwenye vizuizi. Wote wawili walinusurika. Katika mashindano yaliyofuata, ya Monaco, mabawa ya namna hiyo yalipigwa marufuku, na yaliporuhusiwa tena yalikuwa mafupi na yamefungwa kwenye bodi. Gari lililokuwa limeegemea mgandamizo wa hewa lilipoteza mshiko huo ghafla katikati ya mwendo mkali, bila kumwachia dereva nafasi ya kujirekebisha. Kitu kisicho na kazi hakiwezi kuleta ajali kwa kuondoka kwake, na hilo linatosha kumjibu anayesema kuwa mabawa ni pambo tu kokote yalipo.

Kwa magari ya barabarani, ushahidi ulio wazi zaidi unatoka Ujerumani, katika magari mawili yaliyotofautiana kwa miaka 26. La kwanza ni Porsche 911 Carrera RS 2.7, iliyoonyeshwa mwaka 1972. Magari ya 911 yalikuwa na injini nyuma ya ekseli na mgongo mrefu unaoteremka, umbo ambalo hewa hupenda kulinyanyua nyuma. Wahandisi walijaribu vipande vya bati na waya wa kulehemu kwenye buti, wakipima hatua kwa hatua, mpaka wakapata kipande kilichopinda kuelekea juu kama mkia wa bata. Kilipunguza sana kunyanyuliwa kwa ekseli ya nyuma, na kasi ya juu ya gari haikushuka, ilipanda kidogo. Kampuni ilihitaji kuuza magari 500 ili liruhusiwe mashindanoni, ikauza zaidi ya 1,500.

La pili ni Audi TT, iliyoingia sokoni mwaka 1998 ikiwa na umbo la mviringo lililosifiwa kila mahali. Nyuma hapakuwa na spoila, na mgongo laini uliteremka hadi chini. Haikupita muda zikaanza kuripotiwa ajali kwenye barabara kuu za Ujerumani, madereva wakipoteza gari kwenye mwendo mkali walipobadilisha njia au kuingia kona kwa kasi, na baadhi walipoteza maisha. Kampuni iliyaita magari yarudi, ikabadilisha vifaa vya springi na shokabu, ikaongeza mfumo wa kielektroniki wa kuzuia gari lisiyumbe, na ikabandika spoila ndogo kwenye buti. Spoila hiyo haikuongeza kasi ya gari hata kidogo kwa maana ya watu wa mashindano. Ilifanya jambo lenye uzito zaidi: ilisaidia kuifanya ekseli ya nyuma ibaki barabarani. Wapenzi wa umbo la awali walilalamika kuwa gari limeharibiwa sura. Lakini kati ya sura na ekseli ya nyuma inayokaa chini, hakuna kulinganisha.

Upande wa pili wa mizani kuna Lamborghini Countach. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 bawa lake kubwa la nyuma lilikuwa nyongeza ya hiari, na wanunuzi wengi waliichagua kwa ajili ya sura yake. Bawa hilo lilipunguza kasi ya juu ya gari. Hakuna ubaya kwa mtu kununua pambo akijua ni pambo. Tatizo ni kwamba picha ya gari hilo ilibandikwa kwenye kuta za vyumba vya vijana duniani kote, ikakifundisha kizazi kizima kuwa bawa kubwa ndiyo alama ya gari lenye mbio.

Mfano wa kisasa unaoonyesha biashara nzima, hasara na faida pamoja, ni Porsche 911 GT3 na ndugu yake GT3 RS ya mwaka 2022. GT3 ya wakati huo ina nguvu farasi 510 na kasi ya juu ya kilomita 318 kwa saa inapokuwa na gia za kujiendesha. RS ina nguvu farasi 525, yaani imeizidi kidogo tu, lakini kasi yake ya juu ni kilomita 296. Injini imeongezwa nguvu na gari limepungua mbio kwenye njia iliyonyooka! Sababu ni bawa refu la nyuma, mabawa madogo ya mbele, na matundu ya hewa yaliyochongwa kwenye boneti na juu ya magurudumu. Vyote hivyo hutoa mgandamizo wa kilo 409 kwenye kilomita 200 kwa saa na kilo 860 kwenye kilomita 285. Kwenye mzunguko mrefu wa Nürburgring, wenye takriban kilomita 20.8, GT3 ilitumia dakika 6 na sekunde 59.9. RS ilitumia dakika 6 na sekunde 49.3. Si sekunde zote 10 zilizotokana na hewa, kwani chesisi nayo ilirekebishwa, lakini ongezeko la nguvu farasi 15 haliwezi kueleza pengo kama hilo kwa gari lililopoteza kilomita 22 za kasi ya juu.

Inafaa kukaa kidogo kwenye kilo hizo 409. Gari lenyewe lina uzito wa kilo 1,450. Kwenye kilomita 200 kwa saa, basi, tairi zinakandamizwa kwa nguvu iliyoongezeka zaidi ya robo, huku uzito wa kugeuzwa ukiwa ni ule ule. Kwa kona pana ya mwendo mkali, hiyo ni dunia nyingine. Lakini kwa kanuni ile ya mraba, gari hilo hilo likiingia kona ya kilomita 60 kwa saa mgandamizo wake hauzidi kilo 37 hivi, sawa na asilimia 2 na nusu ya uzito wake. Katika kona hiyo dereva mwenye tairi nzuri na mikono iliyofundishwa atamwacha mwenye bawa na tairi zilizochakaa bila taabu.

McLaren nayo ilitoa somo la aina hiyo miaka ya 1990. Gari lake la barabarani lililoitwa F1, lililosanifiwa na Gordon Murray, halikuwa na bawa la kudumu. Uvungu wake ulichongwa na kusaidiwa na feni, na mwaka 1998 lilifikia takriban kilomita 386 kwa saa. Baada ya toleo la mashindano kushinda saa 24 za Le Mans mwaka 1995, kampuni ilitengeneza magari matano ya kumbukumbu yaliyoitwa LM, yenye injini kali zaidi na bawa kubwa la nyuma. Kasi yake ya juu ilikuwa takriban kilomita 362. Anayetaka rekodi ya mbio za moja kwa moja angelichagua lile dhaifu lisilo na bawa. Mwenye mzunguko wenye kona za kasi angeichagua LM bila kusita.

Sehemu ambayo mafundi wa mitaani huikosea zaidi ni uwiano. Bawa la nyuma kwa kawaida halikai juu ya ekseli. Linakaa nyuma yake, hivyo linafanya kazi kama wenzo. Likikandamiza kwa kilo 70 umbali wa sentimita 80 nyuma ya ekseli, kwenye gari ambalo ekseli zake zimeachana mita 2.5, ekseli ya nyuma itapata takriban kilo 92 na ya mbele itapoteza takriban kilo 22. Upinzani wa bawa lenyewe, lililo juu, unaongeza kuivuta pua iinuke. Matokeo yake ni gari linaloshika sana nyuma na kugoma mbele: dereva anakata usukani kwenye kona ya kasi, gari linaendelea kwenda lilikokuwa likielekea. Ndiyo maana gari la mashindano halifungwi bawa la nyuma peke yake. Linapewa na spoila ya mbele au ubao bapa unaotokeza chini ya bampa, na mgandamizo unagawanywa mpaka ulingane na mgawanyo wa uzito wa gari. Kwa magari yanayovutwa na tairi za mbele kosa hili linauma mara mbili, kwa sababu tairi zinazopunguziwa mshiko ndizo zinazovuta, zinazogeuza na zinazobeba kazi kubwa ya breki.

Kuna pia uvungu, sehemu isiyopigwa picha na yenye faida kuliko bawa lolote. Mwaka 1977 timu ya Lotus ya Colin Chapman ilileta gari la Lotus 78 lenye njia za hewa zilizochongwa chini ya ubavu wake, na mwaka uliofuata Mario Andretti akachukua ubingwa wa dunia wa Formula 1, akishinda mengi ya mashindano yake kwa mrithi wa gari hilo, Lotus 79. Hewa iliyobanwa kati ya gari na barabara ilikimbia, shinikizo lake likashuka, na gari likavutwa chini kwa upinzani mdogo sana kulinganisha na bawa. Nguvu hizo zilikua mpaka zikawa hatari, na kuanzia 1983 magari hayo yakalazimishwa kuwa na uvungu bapa. Mwaka 2022 njia za chini zikarudishwa. Gari la barabarani lenye uvungu uliofunikwa vizuri na sakafu inayopanda kwa nyuma kati ya magurudumu hupata mgandamizo bila kuonekana limevaa chochote.

Suluhisho la ugomvi kati ya kona na njia iliyonyooka limekuwa lile lile la Jim Hall: bawa linalosogea. Formula 1 iliruhusu mwaka 2011 kufunguliwa kwa ubao wa bawa la nyuma kwenye maeneo maalumu ya kupitana. Bugatti Veyron ya mwaka 2005 ilikuwa na bawa linaloinuka kwa mwendo wa kawaida wa kasi na kusimama wima kama breki dereva anapokanyaga breki kwa nguvu. Ili kufika kilomita 407 kwa saa, dereva alipaswa kutumia ufunguo wa pili, gari likajishusha na bawa likalala. Mwaka 2019, gari la majaribio la Bugatti Chiron Super Sport 300+ lilipofikishwa kilomita 490 kwa saa na Andy Wallace huko Ehra-Lessien, bawa lilikuwa limeondolewa kabisa na mkia umerefushwa. Kwa kazi moja tu, ya kukimbia mbele, bawa ni mzigo.

Afrika Mashariki inaingia katika habari hii kupitia magari yaliyotumika ya Kijapani. Subaru Impreza WRX STI na Mitsubishi Lancer Evolution, zinazopendwa sana Kenya, zilitoka kiwandani na mabawa ambayo asili yake ni mashindano ya rali, na zilipimwa zikiwa nayo. Katika mashindano ya Safari Rally, yaliyorudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021 na kufanyika Naivasha, mabawa makubwa ya magari ya rali yana kazi halisi kwenye njia za kasi za bondeni. Hata hivyo mwinuko nao unadai fungu lake. Naivasha iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko ni nyepesi kwa takriban asilimia 17 kuliko ya Mombasa. Bawa linapoteza sehemu hiyo hiyo ya mgandamizo wake, ingawa upinzani nao unapungua. Katika Formula 1 tatizo hili linajulikana sana Mexico City, iliyo juu zaidi ya mita 2,200: timu hufunga mabawa makubwa kama ya Monaco na bado hupata mgandamizo mdogo.

Mwenye Subaru au Mitsubishi ya namna hiyo anayekwenda kilomita 110 kwa saa, ukomo wa juu kabisa wa kisheria kwa magari madogo nchini Kenya, atapata kutoka kwa bawa zuri la robo ya mita ya mraba kilo 12 hivi akiwa Nairobi. Katika msongamano wa mjini, kwenye kilomita 50, hapati kitu cha maana. Na hapo bawa limehesabiwa kuwa limeundwa vizuri. Mabawa mengi ya plastiki yanayouzwa madukani hayana umbo la bawa kwa kweli. Ni ubao uliopindishwa, na mengine yamefungwa chini sana, nyuma ya paa, ambako hewa imeshavurugika. Kwa kulinganisha, Dodge Charger Daytona ya mwaka 1969, gari la kwanza kuvuka maili 200 kwa saa kwenye mzunguko wa mashindano ya Marekani, mwezi Machi 1970, ilikuwa na bawa lililoinuliwa zaidi ya nusu mita juu ya buti, hadi penye hewa safi.

Ubaya mwingine ni wa ufungaji. Buti la gari la kawaida ni bati jembamba. Halikuundwa kubeba kilo 50 au 70 za mgandamizo pamoja na mtikisiko wa barabara mbovu. Bawa lililoshikiliwa na skrubu za bati hupanua matundu yake, maji yanaingia, kutu inaanza, na siku moja gari likiwa kwenye mwendo mkali kipande hicho hung'oka. Anayekipokea ni mwendesha bodaboda au familia iliyo kwenye gari la nyuma, watu ambao hawakuchagua bawa hilo. Mamlaka za ukaguzi wa magari zina haki ya kuwa kali hapa. Bawa la kweli hushikwa kwenye fremu au kwenye bati lililoimarishwa kwa ndani.

Lakini si kila nyongeza ndogo ni upuuzi. Spoila ya juu ya kioo cha nyuma kwenye magari yasiyo na buti huisaidia hewa iachane na gari mahali pamoja, na ile iliyopimwa kiwandani hupunguza upinzani. Spoila ya mbele iliyo chini ya bampa hupunguza kunyanyuliwa kwa pua na husaidia hewa kupita kwenye rejeta. Hata yale meno madogo yanayobandikwa mwisho wa paa yana msingi: wahandisi wa Mitsubishi walichapisha mwaka 2004 vipimo vya meno ya Lancer Evolution, vikionyesha kupungua kwa 0.006 katika vigezo vya upinzani na vya kunyanyuliwa. Kwa upinzani, hiyo ni chini ya asilimia 2, tena kwa meno yenye kimo na mahali vilivyochaguliwa kwa ajili ya paa hilo. Meno ya dukani yaliyobandikwa kwa kukisia kwenye gari jingine hayarithi vipimo hivyo.

Mtu anayeendesha gari lake kwenye uwanja wa mashindano anaweza kulipima bawa lake bila handaki la upepo. Nyuzi fupi za sufu zikibandikwa kwa gundi ya karatasi upande wa chini wa bawa, na gari jingine likapiga picha, zitaonyesha kama hewa imelala vizuri au inazunguka ovyo. Zikizunguka, bawa limeinamishwa kupita kiasi na linavuta nyuma tu. Kipimo cha kuzama kwa springi za mbele na za nyuma kwenye mwendo usiobadilika huonyesha kilo zimekwenda ekseli ipi. Baada ya hapo kinachobaki ni saa: dereva yule yule, tairi zile zile, siku ile ile, mizunguko kadhaa bawa likiwepo na kadhaa likiwa limevuliwa, huku kasi ya katikati ya kona na ile ya mwisho wa njia iliyonyooka zikiandikwa kando kando. Kasi ya kona za haraka isipopanda, pembe ya bawa hupunguzwa kwanza kabla ya kufikiria bawa kubwa zaidi. Mshiko ukipanda nyuma tu na pua ikagoma, kazi huhamia kwenye spoila ya mbele.